Kimya Kisichoalikwa

“Brain Damage” na “Eclipse” ndizo nyimbo mbili zinazofunga The Dark Side of the Moon, albamu ya Pink Floyd ya mwaka 1973. Moja inamwagikia nyingine, na kwenye santuri sindano ilivuka bila kusita. Zigeuze ziwe MP3, uzichome kwenye CD ovyo ovyo, na pale zinapopokezana patatokea kwikwi: muziki unakatika, kisha unarudi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nawavulia kofia waliokataa kuizoea kwikwi hiyo.

MP3 hufungasha sauti kwa fremu za sampuli 1,152. Wimbo haujui hesabu hiyo, unaisha unapoisha, na nafasi inayosalia katika fremu ya mwisho hujazwa kimya. Mbele nako kuna nyongeza. LAME, programu ya kutengeneza MP3 waliyoiamini wachomaji wengi, kwa kawaida hutanguliza sampuli 576, na hatua ya kulifungua faili huleta ucheleweshaji wa sampuli 529 zaidi. Jumla 1,105, yaani kama sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Utasema ni kidogo. Mwulize mpiga ngoma. Kinachonifurahisha ni uungwana wa waundaji wa LAME: waliandika ndani ya faili lenyewe wameongeza kiasi gani mbele na nyuma, ili programu itakayolifungua ijue ikate wapi.

Ukishakata, CD nayo inakuja na masharti yake. Sekunde moja ni sekta 75, sekta moja ni sampuli 588, na wimbo sharti uanzie mwanzo wa sekta. Programu zembe huziba upungufu kwa sifuri, na kwikwi inarudi kwa mlango wa nyuma. Fundi hazibi. Sampuli zilizovuka mpaka wa sekta huzihamishia mwanzoni mwa wimbo unaofuata, na ziada ya huo huisukuma mbele tena, kama mshonaji wa mkeka anavyounga ukili kwa ukili hadi mshono usionekane. Kisha huchoma diski yote kwa mkupuo mmoja. Ukichoma wimbo mmoja mmoja, leza huzimwa kila baada ya wimbo, na kwa kawaida unaachiwa pengo la sekunde mbili.

Najua, muundo wa faili wa FLAC ungepunguza taabu hii, maana hutunza kila sampuli kwa idadi yake. Lakini wengi walikusanya muziki wao enzi za diski finyu za kompyuta, na MP3 ndiyo waliyo nayo.

Wimbo wa mwisho pekee ndio wenye ruhusa. Hauna mwingine wa kuuachia ziada yake, kwa hiyo sekta yake isiyojaa hukamilishwa kwa sifuri, ambazo haziwezi kuzidi 587.