Mwenye Ufunguo wa Ghala: Fundisho la Uchumi katika Hadithi za Dune

Ziko hadithi ambazo msomaji huzipenda kwa ajili ya vita vyake, asiulize vita vyenyewe viligombania nini. Mojawapo ni mfululizo wa Dune, vitabu sita alivyovitunga Mmarekani Frank Herbert, vilivyotoka tangu mwaka 1965 hata 1985. Wengi wameijua hadithi hii kwa sinema za Denis Villeneuve za mwaka 2021 na 2024, nao humsifu kijana Paul Atreides kuwa ni mkombozi. Sisi twaona kwamba sifa hiyo haikupimwa vema. Na tuipime basi kwa mizani ya elimu ya uchumi.

Sayari ya Arrakis ni jangwa tupu. Lakini huko, wala si penginepo, hupatikana kiungo kiitwacho melange. Kiungo hiki huongeza umri wa mwanadamu, tena huwapa waongozaji wa merikebu za angani uwezo wa kuiona njia salama kati ya nyota. Pasipo kiungo hapana safari. Pasipo safari hapana biashara wala dola. Shamba ni moja, na wachukuzi wote ni wa chama kimoja.

Katika mwaka 1817 mwanauchumi wa Uingereza, David Ricardo, alitoa kitabu kilichofundisha kwamba nafaka haiwi ghali kwa sababu ya kodi ya ardhi, bali kodi huzaliwa kwa kuwa nafaka ni ghali. Tena alizitenga bidhaa chache, kama divai ya zabibu za udongo fulani, ambazo kazi ya mikono haiwezi kuziongeza. Bei yake hufuata uhaba wake, na mali na tamaa za wanunuzi. Melange ni divai ya namna hiyo. Aishikaye Arrakis hatajiriki kwa jasho lake, bali kwa kuwa amesimama mlangoni. Ndiyo maana ukoo wa Harkonnen, walioishika miaka 80, walijiwekea akiba ya siri. Na wenyeji, yaani Wafremen, hupata nini? Wao huwahonga wachukuzi kwa kiungo hicho hicho, ili pasiwekwe macho angani juu ya nchi yao. Wenye nchi hulipa ili wasionekane!

Mbele ya jumba la mtawala imepandwa mitende 20. Kila mtende hunywa lita 40 za maji kwa siku, na mtu mmoja hutosheka na lita 8. Basi mitende ile hunywa maji ya watu 100. Wanauchumi hutufundisha kwamba gharama ya kitu ni kile tulichokikosa kwa kukichagua. Herbert amelifundisha jambo hilo kwa miti tu, pasipo hotuba, na hapo twamsifu.

Waswahili husema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Wafremen nao walimngoja mgeni wao, wakamwita Mahdi na Lisan al-Gaib. Herbert aliyachukua majina haya katika Kiarabu, na msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani: lisani ni ulimi, na ghaibu ni mambo yasiyoonekana. Mgeni huyo ni Paul. Lakini alishindaje? Si kwa silaha peke yake. Alitishia kuuangamiza kiungo wote milele, ndipo wachukuzi wakanyenyekea, na mfalme akakiacha kiti chake. Yaani aliunyang’anya ufunguo. Mlango wa ghala haukuongezeka. Katika kitabu cha pili, cha mwaka 1969, miaka 12 imepita, na vita vya dini vilivyopiganwa kwa jina lake vimeua watu bilioni 61. Baadaye mwanawe, Leto, aliishika akiba ya kiungo, akatawala kwayo kwa miaka elfu tatu na mia kadhaa. Mgeni alikuja, mwenyeji akashinda, lakini hakupona.

Wasomaji wetu na waikumbuke sura ya 47 ya kitabu cha Mwanzo. Yusufu alikuwa mtu mwema, naye aliwaokoa Wamisri na njaa. Walakini, kwa kuwa ghala zote zilikuwa mkononi mwake, mwisho wake mifugo, mashamba na watu wenyewe wakawa mali ya Farao. Wema wa mshika ufunguo haukuibadili hesabu.

Hata hivyo twaona kasoro moja. Ricardo aliandika juu ya mwenye ardhi, mwenye mtaji na mfanya kazi. Herbert ametueleza sana habari za wale wawili, na wa tatu amemwacha gizani. Twamwona mtawala Leto, babaye Paul, akikiacha kiungo jangwani ili awaokoe wachimbaji, na moyo wetu wafurahi. Lakini habari za ujira wa wachimbaji hao ni chache.

Tena liko jambo lililoupita mzani wetu. Wafremen wana maziwa ya maji chini ya miamba, yaliyokusanywa tone kwa tone, ambayo hata mwenye kiu hayagusi, kwa kuwa yamewekwa kwa ajili ya bustani za wajukuu. Maji hayo hayana bei. Na katika vitabu vya baadaye, nchi ilipoanza kuwa ya kijani, maji ndiyo yaliyowaua mafunza wakubwa wa mchangani, ambao ndio chanzo cha kiungo. Akiba ya maskini ikakausha utajiri wa wakuu. Hilo kwetu ndilo wazo lenye nguvu kuliko yote katika hadithi hizi.

Basi asomaye kitabu cha kwanza asikome hapo. Na akisome cha pili kabla ya kumshangilia mshindi. Wala asiulize tu ni nani aliyeketi katika kiti, bali aulize ghala ina milango mingapi.