AC Haipimwi kwa Baridi ya Siku ya Kwanza

Juzi nilikuwa Kibokoni, hapa Mombasa, kwa jamaa zangu. AC mpya inapuliza, na kila aingiaye anamsifu fundi: kamaliza kwa dakika arobaini, na chumba kimekuwa barafu. Nilinyamaza kwa heshima ya mwenye nyumba, lakini nilitoka na hasira, kwa kuwa nilikuwapo wakati inafungwa na kazi ile ilikuwa mbovu.

AC iliyofungwa ovyo nayo hupoza siku ya kwanza. Fundi hupimwa kabla hajafungua gesi, na wakati huo mwenye nyumba huwa yuko jikoni anamtengenezea sharubati.

Mabomba yakishaunganishwa, ndani mna hewa ya Mombasa, na hewa ya Mombasa imejaa maji. Lazima ivutwe kwa pampu. Shinikizo likishuka vya kutosha, unyevu ulioshikamana na shaba huchemka kwa joto lilelile la chumba na kutoka mvuke. Fundi wa haraka hana pampu. Hulegeza nati, akaiachia gesi kidogo isukume hewa, fyuu, akakaza. Unyevu unabaki. Mafuta yanayotumiwa na gesi za R410A na R32 hunywa maji zaidi kuliko yale ya R22 ya zamani, na huzaa asidi inayokula waya za kompresa polepole. Kompresa ikifa, lawama hubebeshwa umeme au chumvi ya bahari.

Na kuvuta peke yake hakutoshi. Mzee aliyenifunza kazi alikuwa akivuta nusu saa kwa uchache, akifunga geji, akizima pampu, kisha akienda zake kuswali alasiri Msikiti wa Mandhry. Akirudi, kabla ya salamu, anatazama mshale. Ukiwa umepanda hata unywele, hewa inaingia mahali: nati zinafunguliwa, midomo ya bomba inakatwa na kutanuliwa upya. Nyumba moja ya Ndia Kuu alirudia mara tatu, hadi adhana ya magharibi, na hakuomba senti ya ziada.

Nimemwona pia mwengine mwenye pampu nzuri, ikinguruma nusu saa nzima huku vali za geji zimefungwa. Ilikuwa haivuti kitu. Mwenye nyumba aliridhika na mlio. Mshale ulikuwa sifuri vilevile. Hukuhuku wamo wale wanaokuja kila mwaka "kuongeza gesi". Gesi ya AC hailiki. Ikipungua imevuja, na fundi asiyetafuta panapovuja anakuuzia kitu kilekile kila mwaka.

Mengine ni mafupi. Tundu la ukutani literemke nje. Maji yasidondokee baraza ya jirani. Ukuta wa matumbawe uliotobolewa huzibwa kwa chokaa, si simenti. Na mashine ya nje haiwekwi upande wa njia kwenye nyumba yenye roshani, hata ikibidi bomba lizunguke nyumba nzima. Hilo sijadiliani na mtu.

Nyumba hizo, kwa kweli, zilijua kupoa zenyewe: ukuta mnene, boriti juu sana, dirisha linalopokea kusi. Bibi yangu alilala miaka yote bila feni. Kisha kuta zikapakwa simenti na ua ukaezekwa mabati, na sasa tunanunua baridi.

Ile ya Kibokoni, gesi itolewe, bomba livutwe upya. Nimemwambia jamaa yangu nitakwenda Jumamosi na pampu yangu, bure. Bado hajanijibu.