Imezimwa, haijafa: juu ya ekstensio zinazosimama ghafula



Leo naomba niwakosoe watu wanaotutengenezea vivinjari vya intaneti. Lakini nitaanza na kosa langu mwenyewe, juu si vizuri mtu awaseme wakubwa wa mbali kabla hajajisema.

Mdogo wetu mmoja, mwanafunzi wa sheria hapa Bukavu, alikuwa anamaliza kazi yake ya mwisho juu ya migogoro ya ardhi kule Kabare. Noti zake zote za kusoma aliziweka ndani ya ekstensio moja ya kivinjari, ile ya kuandika pembeni ya ukurasa: unasoma hukumu ao makala, unaandika wazo lako pale pale, na siku ukirudi unakuta maneno yako yanakungojea. Miezi minane ya kazi. Asubuhi moja akafungua mashine, akakuta alama ya ekstensio imekuwa ya kijivu. Akaniandikia: «Kaka, ile ekstensio yangu imekufa. Nifanye je?»

Nilikuwa ndani ya taksi. Nikamujibu vile sisi wote tunajibuka: «Itoe, kisha uirudishe.»

Baada ya dakika kumi akaandika tena: «Kaka, imerudi. Lakini iko nyeupe. Hakuna kitu ndani.»

Nilipofika kwake jioni njo nilielewa. Ekstensio haikuwa imekufa. Kivinjari kilikuwa kimeizima tu, juu ilikuwa ya muundo wa zamani ambao hakiukubali tena. Noti zilikuwa bado mule mule, salama, zinangoja mtu wa kuzitoa polepole. Lakini ukiondoa ekstensio, kivinjari kinafuta pia sanduku lake la akiba. Mimi njo nilizifuta, kwa maneno matatu niliyoandika bila kufikiri. Zilibaki wiki tatu afike mbele ya jury.

Tangu siku ile nimesoma sana juu ya jambo hili, na nimefika ku wazo moja ambalo nataka tulijadili: ekstensio inayosimama ghafula, mara nyingi haijaharibika. Kuna mtu mahali fulani ameamua, ao amesahau. Na yule mtu, anapoizima, anakuandikia ujumbe ambao hausemi ukweli wote. Nitatoa mifano inayojulikana, kila mtu anaweza kuipima.

Mfano wa kwanza ni wa kusahau. Kufikia mwaka 2016, Firefox ya kawaida ilikuwa haikubali tena ekstensio isiyo na saini ya Mozilla, shirika linaloitengeneza, na mtumiaji hakupewa njia ya kuikwepa sheria hiyo. Sababu ilikuwa nzuri: ekstensio inaweza kuona kila ukurasa unaofungua, hata neno la siri la akaunti yako, kwa hiyo lazima mtu aikague. Saini ile inategemea cheti, na cheti kina tarehe ya mwisho, sawa na pasipoti. Tarehe 4 Mei 2019, siku ya posho, cheti kimoja cha katikati cha Mozilla kikapitwa na tarehe. Hakuna aliyekifanya upya kwa wakati. Firefox inakagua saini karibu mara moja kila saa 24, kila mashine kwa saa yake. Basi ekstensio zikaanza kuzimika mashine moja baada ya nyingine, dunia nzima, na mwenye mashine akadhani ni kwake peke yake.

Ujumbe ulisema nini? Ulisema kwamba ekstensio hii haikuweza kuhakikishwa, kwa hiyo imezimwa. Tuupime ule usemi kama wasomi. Mwenye kosa mule ndani ni nani? Ni ekstensio. Yaani ni kama gari zima la abiria linashushwa ku bariyeri juu karatasi ya mkubwa wa bariyeri mwenyewe imepita tarehe, kisha abiria wanaambiwa: nyinyi hamutambulikani. Hakuna aliyesema uongo, lakini hakuna aliyesema ukweli.

Na matokeo hayakuwa madogo. Tor Browser, kivinjari ambacho watu wengi wanakitumia kwa kujificha na hatari, kimejengwa juu ya Firefox. Ndani yake kuna NoScript, ekstensio ya kuzuia programu ndogondogo zinazojificha kwenye kurasa. Ile nayo ikazimika. Mtu aliyekuwa anajilinda akabaki na ukuta wenye tundu, na hakuna mwizi aliyebomoa. Ni tarehe tu iliyopita.

Mozilla walikimbia kutengeneza, na hapa tuwape haki yao. Siku iliyofuata walitoa Firefox 66.0.4. Lakini kabla ya hapo dawa ya haraka ilipitishwa mu njia inayoitwa Studies, ile wanayoitumia kwa majaribio. Watu waliokuwa wameifunga njia hiyo kwa sababu ya kulinda siri zao, waliombwa waifungue ndipo wapate dawa. Baadaye Mozilla wakafuta takwimu zote za watumiaji walizokusanya kwa wiki moja kuanzia tarehe 4 ile, juu walijua wengine walikubali kwa kulazimika. Na Eric Rescorla, aliyekuwa mkuu wa teknolojia wa Firefox, akaandika hadharani, hatua kwa hatua, vile kosa lilivyotokea. Ni wakubwa wangapi tunaowajua wanaoandika vile?

Katika maelezo yao kulikuwa na onyo moja ambalo, kama ningelisoma mapema, mdogo wetu asingelia: musiondoe ekstensio kwa kufikiri mutatengeneza, juu ukiondoa unafuta na data yake. Onyo zuri. Shida ni kwamba lilikuwa kwenye ukurasa wao wa habari, halikuwa mule ndani ya ujumbe ambao mtu anauona wakati mkono wake uko juu ya kitufe.

Mfano wa pili ni wa kuamua. Mwezi wa Novemba 2017, Firefox 57 iliacha kukubali ekstensio zote za muundo wa zamani. Kivinjari kilipata mwendo na usalama, sikatai. Lakini wengi wetu tunakumbuka DownThemAll, iliyokuwa inashusha mafaili makubwa kwa vipande na kuendelea pale ilipoachia konekte ikikatika. Kwa mtu mwenye intaneti ya moja kwa moja hiyo ni anasa. Kwetu, ilikuwa namna ya kupata kitabu cha mega mia mbili kwa siku tatu. Ikasimama. Ilirudi mwaka 2019, lakini na uwezo uliopunguka, juu muundo mupya haukuruhusu yote.

Google nao walifanya yao na Chrome. Kuanzia mwaka 2024 walianza kuzima ekstensio za muundo unaoitwa Manifest V2, na mwezi wa Oktoba mwaka ule zima hilo likaanza kufika kwa watumiaji wa kawaida. Iliyojulikana zaidi kati ya zilizoguswa ni uBlock Origin ya Raymond Hill, ile ya kuzuia matangazo. Katika muundo mupya, ekstensio haiwezi tena kusimama mulangoni na kuamua yenyewe kila ombi lipite ao lisipite. Inatoa orodha ya sheria, kivinjari njo kinaamua. Mwenyewe alitoa ndugu yake mudogo, uBlock Origin Lite, inayofanya inachoweza. Google wanasema ni kwa ajili ya usalama na mwendo. Wengine wanajibu kwamba Google inaishi kwa matangazo. Mimi nasema hivi: sababu zote mbili zinaweza kuwa za kweli pamoja, na mwenye mali akiwa pia ni hakimu, ni haki yetu kuuliza. Huku kwetu tangazo si kelele tu. Video inayoanza yenyewe pembeni ya ukurasa inakula mega zangu, na mega nalipa mimi.

Lakini tuangalie tena ujumbe. Chrome inaandika kwamba ekstensio hii haitegemezwi tena, na inakupendekezea uiondoe ao utafute nyingine. Uiondoe! Neno lile lile nililomuandikia mdogo wetu. Hapa njo nilijiona: nilisema kama mashine inavyosema. Kivinjari kinajua kama kuna akiba ndani ya ekstensio ile ao hakuna. Mimi sikujua, na sikuuliza.

Sasa kuna atakayesema: basi waache ekstensio zote zipite, wasizime kitu. Hapana. Mfano wa tatu unakataza. The Great Suspender ilikuwa ekstensio ya Chrome iliyopendwa sana kwa watu wenye mashine ndogo: ililaza kurasa usizozitumia ili kumbukumbu ya mashine isijae. Mwaka 2020 mwanzilishi wake aliiuza kwa watu wasiojulikana. Jina lilibaki lile lile, alama ile ile, mwenye nyumba akawa mwingine. Februari 2021 Google ikaizima ku mashine za watu kwa kusema ina programu mbaya ndani. Hapo kuzima ilikuwa ni kusaidia. Lakini hata pale, waliokuwa wamelaza kurasa makumi walijikuta bila kurasa, na waliookoka ni wale waliojua kwamba anwani zimebaki katika historia ya kivinjari. Usalama ulikuja, maelezo hayakuja.

Kwa hiyo uhakiki wangu hauko juu ya kuzima. Uko juu ya namna ya kusema. Ujumbe wa haki ungejibu maulizo matatu: nani amezima, kwa sababu gani, na vitu vyangu viko wapi. Ile ya tatu njo kubwa, na njo wanaisahau. Fundi wa saa akifunga duka, anaandika ku mulango saa zako ziko kwa nani.

Kuna neno jingine juu ya wakati. Tarehe 14 Machi 2025, cheti kingine cha Mozilla, cha msingi safari hii, kilifika mwisho. Walijifunza: walitangaza mapema, wakasema mwenye Firefox iliyo chini ya 128, ao chini ya 115.13 kwa ile ya muda mrefu, ajue ekstensio zake zinaweza kusimama. Vizuri. Lakini tangazo lile linamfikia mtu anayefanya «mise à jour» kila wiki. Mashine zetu nyingi zilikuja kwa mkono wa pili, nyingine ziko paka leo na Windows 7, ambayo Firefox ya mwisho kwake ni hii 115. Mwenyewe amefunga mise à jour ili isimalize mega. Yeye si mvivu, amepiga hesabu tu. Siku ekstensio zake zinazimika, hakuna aliyemwambia kwamba hesabu yake ina deni lingine.

Na sisi wasomi? Sisi pia tuna kosa, na silifichi. Mtaani tukisemwa «huyu alisoma», watu wanatuletea simu na mashine zao kama mgonjwa anavyopelekwa kwa daktari. Na sisi tunatoa dawa moja kwa magonjwa yote: zima uwashe, toa urudishe. Daktari anayekata mguu kabla ya kuuliza wapi panauma, tungemuita nani?

Mimi nimebadilisha namna yangu. Mtu akiniambia ekstensio imesimama, neno la kwanza ni: usiondoe kitu. La pili: nisomee ujumbe, neno kwa neno. Kisha tunaangalia tarehe ya mashine, juu betri ndogo ya ndani ikiisha, mashine inarudi mu mwaka wa zamani na vyeti vyote vinaonekana vya uongo. Kisha tunauliza wengine kama kwao pia imezimika. Ikiwa wengi, kosa haliko kwako, na dawa inaweza kuja yenyewe. Kisha tunanakili folda nzima ya profili ya kivinjari ku kifimbo cha USB. Baada ya hapo tu njo tunagusa mise à jour. Na kwa wale ambao ekstensio zao bado zinatembea: tafuteni leo mahali palipoandikwa «exporter», mutoe nakala. Ikiwa hapako, musiweke kazi ya miezi ndani ya ekstensio ile.

Mdogo wetu hakufika mbele ya jury katika sesyo ya kwanza. Alianza upya na daftari, ukurasa kwa ukurasa, akatetea kazi yake ku sesyo ya pili na akapita. Nilienda kumpigia makofi. Tukiwa tunatoka, nilimuomba pole mara nyingine. Akacheka, akasema: «Kaka, wewe uliniambia nitoe, nikatoa. Nilifikiri munajua.»

Wandugu, lile neno «munajua» linanifuata paka leo.