Dobi wa Fort Snelling: alipatikana vipi asiyejiandika?

Ukipanda treni ya Blue Line kutoka katikati ya Minneapolis kwenda uwanja wa ndege, kituo kimoja kabla ya kufika kinaitwa Fort Snelling. Ndugu zetu wengi wanaofanya kazi uwanjani hapo wanakipita asubuhi na jioni. Ngome yenyewe ilijengwa kati ya 1819 na 1825, juu ya mwamba unaotazama makutano ya mito Mississippi na Minnesota, mahali ambapo Wadakota, wenyeji wa ardhi hiyo, wanapaita Bdote. Katika miaka ya 1830 aliishi hapo mjakazi mmoja, Harriet Robinson. Wanafunzi wa Marekani hufundishwa jina la mumewe, Dred Scott, ambaye kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya nchi na kuamuliwa vibaya mwezi Machi 1857. Harriet alikuwa mstari mmoja tu katika kesi hiyo. Leo ana wasifu wa mamia ya kurasa na kaburi linalojulikana. Safu hii inachambua kazi iliyomfikisha hapo.

Kwa kalenda, Harriet ni mtu wa enzi ya Victoria. Malkia huyo aliporithi kiti cha enzi Juni 1837 yeye alikuwa tayari ngomeni, na alipofariki Juni 1876 Malkia alikuwa bado anatawala. Lakini linganisha. Mwingereza anayemtafuta babu yake mfanyakazi wa kiwandani Manchester ana ngazi ya kupanda: uandikishaji wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Julai 1837, na sensa ya 1841 iliandika majina ya watu wote wa nyumba. Ngazi hiyo Harriet hakuwa nayo. Sensa ya Marekani ya 1840 ilimtaja mkuu wa nyumba peke yake na wengine wakahesabiwa kama magunia. Zile za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa chini ya jina la bwana, kwa umri, jinsia na rangi, bila majina. Barua zake hazipo, kwa kuwa hakujua kuandika.

Aliyeifungua njia ni Lea VanderVelde, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Iowa. Kwanza alichapisha makala ndefu katika Yale Law Journal mwaka 1997 pamoja na Sandhya Subramanian, kisha kitabu mwaka 2009. Ukiisoma kazi yake kwa jicho la fundi utaona kwamba hakumkimbilia Harriet moja kwa moja. Aliwafuata watu waliokuwa na haja ya kumwandika: aliyemmiliki, aliyemkodi, aliyemdai na aliyelipwa kwa ajili yake.

Nyaraka zinazoonyesha vizuri jinsi njia hii inavyofanya kazi ni hati za malipo za jeshi. Sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 1816 ilimruhusu ofisa anayeweka mtumishi wa binafsi kudai serikalini mshahara, posho ya chakula na mavazi sawa na ya askari wa kawaida. Ili alipwe, alipaswa kuandika jina la mtumishi na wasifu wa umbo lake. Maofisa wengi walioletwa kaskazini walijaza nafasi hiyo kwa majina ya watumwa wao. Tafakari kidogo: ngome ilikuwa katika eneo ambalo sheria ya 1820 iliyoitwa Mapatano ya Missouri ilikuwa imekataza utumwa, na ofisa anaiandikia serikali hiyohiyo kwamba ana mtumwa, tena anaomba alipwe. Serikali ikalipa na kuhifadhi hati. Walt Bachman, mwanasheria wa Minneapolis aliyegeukia historia, alizichambua hati hizo alipokuwa akiandika maisha ya Joseph Godfrey, aliyezaliwa utumwani karibu na ngome hiyo. Kitabu chake kilitoka 2013. Wakuu wa ngome waliomiliki watu hawakuwa wachache. Zachary Taylor, aliyekuja kuwa rais, aliiongoza Fort Snelling mwaka 1828 na 1829.

Hati ya malipo inasomwaje? Neno lililoandikwa mbele ya “mtumishi” ndilo la kwanza kutazamwa, lakini faida kubwa iko kwenye mfululizo. Hati moja inakwambia kwamba mwezi fulani mtu fulani alikuwa kwa bwana fulani. Ukizipanga kumi, unaona mtu anahama: bwana mmoja anaacha kumdai na mwingine anaanza. Ndivyo ukodishaji unavyoonekana hata pale ambapo mkataba haukuandikwa. Mitego nayo ipo. Ofisa aliyetaka fedha aliweza kumtaja mtumishi aliyekuwa mbali. Karani aliandika jina kama lilivyomfika sikioni. Na kukosekana kwa jina mwezi mmoja hakuna maana kwamba mtu aliondoka. Huenda bwana alichelewa tu kudai. Kwa hiyo hati hii ni shahidi mzuri wa kuwapo na shahidi dhaifu wa kutokuwapo.

Bwana wa kwanza wa Harriet pale hakuwa askari. Alikuwa Lawrence Taliaferro, wakala wa serikali kwa mambo ya Wadakota na Waojibwe kuanzia 1820 hadi 1839, mtu wa Virginia. Alikuwa na mkono usiochoka, na shajara zake zimehifadhiwa na Minnesota Historical Society katika jiji la Saint Paul. Zimejaa hali ya hewa, boti zilizofika, ugomvi wa wafanyabiashara wa ngozi na njaa ya wageni wake. Wajakazi wake wanapita humo kama kivuli. Miaka mingi baadaye, mnamo 1864, aliandika kumbukumbu za maisha yake na humo akasema kwamba yeye mwenyewe, kama mwamuzi wa amani, aliwafungisha ndoa Dred na Harriet, na kwamba alimtoa binti huyo kwa Dred.

Hapa mchambuzi asimame. Shajara iliandikwa siku ya tukio, na mtu asiyejua nani atakuja kuwa maarufu. Kumbukumbu ziliandikwa robo karne na zaidi baadaye, wakati jina la Dred Scott lilikuwa midomoni mwa nchi nzima iliyokuwa vitani kwa sababu ya utumwa. Mzee alikuwa na sababu ya kujipamba. Na kuna hati inayompinga: maelezo ya kesi yaliyokubaliwa na pande zote mbili katika mahakama ya shirikisho mwaka 1854 yanasema Taliaferro alimleta Harriet ngomeni 1835, kisha mwaka 1836 akamuuza kwa daktari wa jeshi John Emerson, bwana wa Dred.

Alitolewa au aliuzwa? Wengi wangeiegemea hati ya mahakama kwa kuwa ina mhuri. Mimi siiamini sana. Maelezo yale hayakuwa ushahidi wa aliyeona. Yalikuwa mapatano ya mawakili waliotaka kufika haraka kwenye hoja ya sheria, na yana makosa yanayothibitika. Yanasema binti wa kwanza, Eliza, alikuwa na miaka kama 14, yaani kazaliwa karibu na 1840, ilhali safari ya boti Gipsey ambamo alizaliwa ilikuwa ya mwaka 1838. Pia yameiruka kabisa safari ya Louisiana: Emerson alihamishwa mwishoni mwa 1837, wana ndoa hao wakamfuata kusini mwaka 1838, kisha wote wakarudi Fort Snelling na kukaa hadi 1840. Hati iliyosahau safari ya maelfu ya kilomita isiachiwe peke yake kuamua suala la mauzo.

Tarehe ya ndoa yenyewe ilibanwa kwa njia ya kawaida ya watafiti wa nasaba: tafuta siku ambayo tukio halikuweza kutokea kabla yake, na siku ambayo halikuweza kutokea baada yake. Emerson alifika na Dred Mei 1836 na akaondoka vuli ya 1837. Ndoa imo katikati.

Hazina kubwa kuliko zote, hata hivyo, Harriet aliianzisha mwenyewe. Tarehe 6 Aprili 1846, mjini St. Louis, yeye na mumewe walifungua maombi mawili ya uhuru, kila mmoja lake, dhidi ya Irene Emerson, mjane wa daktari. Wote walitia alama ya X. Mahakama ya mji huo ilikuwa na desturi ya kesi kama hizo. Majalada karibu 300 yamenusurika, mengi yakiwa yamekunjwa na kupakwa masizi ya makaa hadi yaliposafishwa na watunza nyaraka miongo ya karibuni.

Kesi ya kwanza, mwaka 1847, iliangushwa na swali la malipo. Samuel Russell alikuja kuthibitisha kwamba aliwakodi wana ndoa hao kutoka kwa Irene, na alipobanwa akakiri kwamba aliyefanya mipango ni mke wake, yeye alitoa fedha tu. Baraza la wazee wa mahakama likaona haikuthibitika nani anawashikilia. Kwa hiyo kesi iliposikilizwa upya mwaka 1850 mke wa Russell alitoa ushahidi, na wakashinda. Kwa wakili ni kikwazo cha kiufundi. Kwa mtafiti ni neema, kwa sababu kila upande ulilazimika kuwataja majirani, waajiri na wake za maluteni waliowahi kumkodi Harriet kule Fort Snelling. Kuanzia 1848 wana ndoa hao waliwekwa mikononi mwa mkuu wa polisi wa kaunti, aliyewakodisha na kuutunza ujira wao hadi kesi iishe. Walipoachiwa huru Mei 1857, licha ya kushindwa Mahakama Kuu, Irene alidai na kupewa akiba hiyo, takriban dola 750. Kichefuchefu, lakini nacho kimeacha risiti.

Ushindi wa 1850 ulikatiwa rufaa, na mwezi Februari mawakili wa pande zote wakakubaliana kwamba kesi ya Dred tu ndiyo iendelee, ya Harriet ifuate matokeo yake. Hapo ndipo jina lake lilipozama. VanderVelde anashikilia kwamba kesi yake ilikuwa na nguvu zaidi. Bwana wake wa kwanza hakuwa askari wa kupita bali mkazi wa miaka mingi katika nchi isiyoruhusu utumwa. Na chini ya sheria ya Marekani mtoto alifuata hali ya mama, hivyo uhuru wa Eliza na mdogo wake Lizzie ulitegemea uhuru wa Harriet. Msomaji wa pwani ataona tofauti na kwetu, ambako mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana wake alizaliwa huru. Hoja ya VanderVelde inanishawishi, ingawa kitabu chake kina ugonjwa wa wasifu wa aina hii: palipo kimya anajaza mazingira, na “huenda” zinarundikana hadi unasahau kwamba jambo halijathibitishwa.

Baada ya uhuru kazi huwa nyepesi. Kuna vitabu vya anwani za mji, kuna gazeti la Frank Leslie lililochapa picha ya familia Juni 1857, na kuna leseni ambazo Missouri iliwadai Weusi huru. Harriet alikuwa dobi, na Dred alipeleka nguo kwa wateja hadi alipofariki Septemba 1858.

Kaburi nalo lina hoja ya dini. Mwili wa Dred ulihamishiwa mwaka 1867 kwenye makaburi ya Kikatoliki ya Calvary, na wengi wakadhani mkewe yuko karibu naye. Lakini Harriet alikuwa Mbaptisti. Mbaptisti Mweusi maskini aliyefariki St. Louis mwaka 1876 angezikwa wapi? Greenwood, makaburi ya Weusi yaliyofunguliwa 1874, yalifaa kuulizwa kwanza. Kumbukumbu za huko zikatoa jibu mwaka 2006: alizikwa hapo. Kwa vilembwe vyake, akiwemo Lynne Jackson aliyeanzisha taasisi ya kuenzi jina la familia, huo ulikuwa mwisho wa kubahatisha.

Njia hii inahamishika hadi kwetu Afrika Mashariki. Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa misafara ya wapelelezi wa Kizungu, anajulikana kwa sababu wazungu walimlipa na Royal Geographical Society ikampa pensheni. Wapagazi wasiolipwa na mtu wa London wametoweka. Amri ya Zanzibar ya Aprili 1897 haikumwacha mtumwa huru papo hapo. Ilimtaka aende mahakamani adai, na bwana alipwe fidia. Palipo na fidia pana daftari. Elisabeth McMahon alipoandika historia ya Pemba baada ya amri hiyo, alitegemea sana kumbukumbu za mahakama na mirathi. Mtu wa Minneapolis ambaye bibi wa bibi yake alikuwa mjakazi wa shamba la karafuu asianze na jina la bibi, maana wengi walioachiwa huru walitupa jina la utumwani na kuchukua jingine. Aanze na jina la bwana na la shamba, atafute mirathi ya bwana huyo na madeni yake, kisha asogee mwaka kwa mwaka kuelekea 1897. Wazee wa nyumbani waulizwe jina la shamba mapema, kwa simu, kabla ya kukata tiketi ya kwenda Unguja.