Paradise Ilivyojengwa Upya Kuanzia Chini ya Ardhi

Picha nyingi za Paradise, mji mdogo wa milimani kaskazini mwa California, zinaonyesha mapaa mapya na miti michanga. Mimi macho yangu huenda kwenye kisanduku cha mita ya maji, pale kando ya barabara. Hapo ndipo ilipoamuliwa nani atarudi nyumbani na atarudi lini.

Moto ulioteketeza mji huo ulianza alfajiri ya tarehe 8 Novemba 2018 karibu na kijiji cha Pulga. Ndoano ya chuma iliyolika kwa miaka mingi ilikatika kwenye mnara wa umeme wa kampuni ya PG&E, mnara uliokaribia umri wa miaka 100. Nyasi zilikuwa kavu na upepo ulikuwa mkali. Watu 85 walikufa, wengi wao wazee, na majengo zaidi ya 18,000 yakateketea. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilikiri mahakamani makosa 84 ya kuua bila kukusudia.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuzoa majivu, na majivu ya nyumba si kama ya kuni. Ndani yake mna asbesto, madini ya risasi kutoka rangi za zamani, betri na mitungi ya gesi. Kwanza walipita wataalamu wa sumu wakaokota vitu vya hatari. Kisha mwenye kiwanja alitia saini fomu ya kuruhusu kuingiliwa, vijiko na malori yakaja, mabaki yakazolewa, msingi ukang'olewa na udongo wa juu ukakwanguliwa. Sampuli ya udongo ilipelekwa maabara. Majibu yakionyesha sumu, wanarudi na kukwangua tena. Zaidi ya tani milioni 3 zilibebwa namna hiyo, na mpango huo wa serikali ulikamilika Novemba 2019, mwaka mmoja tangu moto.

Msingi kung'olewa kuliwauma wengi, kwa sababu kwa macho ulionekana mzima. Lakini zege iliyookwa kwa moto mkali hupoteza nguvu hata kama haijapasuka. Huku kwetu mara nyingi fundi husafisha msingi ulioungua na kupandisha ukuta juu yake siku hiyohiyo, na nadhani hilo tulitazame upya.

Palikuwa pia na kosa la haraka. Mji uliwaruhusu watu kuishi kwenye nyumba za magurudumu juu ya viwanja vyao kabla havijasafishwa. Ilikuwa huruma ya kweli, maana watu walikuwa wamechoka kulala kwa jamaa na kwenye magari. Mwanzoni mwa 2019 ruhusa hiyo ikafutwa, kwa sababu FEMA, shirika la serikali kuu ya Marekani linaloshughulikia maafa, lilionya kuwa fedha za usafishaji zingekuwa mashakani. Kiwanja hakiwezi kuwa hatari kiasi cha kusafishwa kwa fedha za umma na wakati huohuo kiwe salama kulala watoto. Waliokuwa wameshajipanga wakaambiwa waondoke.

Baada ya majivu yakaja maji, na hapa ndipo penye somo kubwa.

Mtambo wa kusafisha maji haukuungua. Maji yaliyotoka pale yalikuwa safi. Yalipofika kwenye koki za baadhi ya nyumba yalikuwa na benzini, kemikali inayoleta saratani ya damu. California inaruhusu mikrogramu 1 tu ya benzini kwa lita. Sampuli moja ya Paradise ilipita mikrogramu 2,200.

Nyumba inapoungua, bomba lake hukatika na maji humwagika bila wa kuyafunga. Zidisha hilo kwa maelfu ya nyumba ndani ya saa chache, huku wazimamoto nao wakivuta maji. Presha inaanguka mji mzima. Bomba lililopoteza presha huanza kufyonza kama mrija wa soda, na kinachoingia ni moshi, masizi na hewa ya sumu. Tena mabomba ya plastiki yanapopata joto kali hutoa benzini yenyewe. Dalili hizi zilikuwa zimeonekana Santa Rosa, katika jimbo hilohilo, baada ya moto wa 2017, lakini mafundi wa maji wengi duniani walikuwa hawajawahi kuliwazia jambo hili.

Kinachosumbua zaidi ni kwamba plastiki hunywa benzini kisha huitoa pole pole. Ukifungua koki kwa nguvu na kuyaacha maji yatiririke saa nzima, sampuli itaonekana safi. Ukifunga siku tatu ukafungua tena, sumu imerudi. Kwa hiyo kipimo cha kuaminika kilikuwa kuyaacha maji yakae kwenye bomba saa 72 bila kuguswa, ndipo sampuli ichukuliwe. Kwa familia inayolala kwa shemeji, kila kipimo kilikuwa siku tatu za kusubiri, kisha foleni ya maabara. Hata hivyo njia ya mkato ingewanywesha watu sumu.

Mamlaka ya maji ya hapo, Paradise Irrigation District, ilikuwa na mabomba ya karibu kilometa 280. Kuyang'oa yote kungemaliza fedha na miaka. Kutangaza kwamba mji mzima ni salama kwa kupima sehemu chache kungekuwa udanganyifu. Walichofanya ni kuugawa mtandao vipande vipande kwa kufunga vali, wakasafisha na kupima mabomba makuu kwanza, kisha wakashuka kwenye bomba dogo linaloingia kila kiwanja, wakibadilisha yaliyoharibika. Tahadhari ya kutotumia maji iliondolewa kiwanja kwa kiwanja. Wale ambao nyumba zao zilisalimika waliishi kwa maji ya chupa na matangi yaliyowekwa uani. Nasema bila kusita kwamba uamuzi huo wa kupima kila mlango ndio uliouokoa mji. Mtu hawezi kujenga mahali ambapo hajui kama mtoto wake atakunywa salama, na wala benki haimkopeshi.

Maji taka nayo yalikuwa na shida yake. Paradise haikuwa na mtandao wa mabomba ya maji taka, kila nyumba ilikuwa na karo lake. Lori zito likipita juu ya karo hulibomoa, kwa hiyo ilibidi karo likaguliwe kabla ya kibali cha kujenga kutoka. Gharama hii haikuwemo kwenye hesabu za wengi. Taasisi ya wenyeji, Rebuild Paradise Foundation, iliziba mapengo madogo kama haya kwa ruzuku, ikaweka pia maktaba ya ramani za nyumba ili familia isianze kumlipa mchoraji tangu karatasi tupu.

Ndipo zikaja kuta. Watafiti waliochunguza nyumba zilizosimama na zilizoanguka Paradise walikuta kuwa katika zilizojengwa kabla ya 1997 zilisalimika asilimia 11.5 tu, na katika zilizojengwa kuanzia mwaka huo asilimia 38.5. Umri wa nyumba peke yake haukutosha kueleza tofauti hiyo. Jambo lililokuwa na uzito mkubwa ni umbali wa nyumba jirani iliyoungua. Cheche hupeperushwa na upepo na kupenya kwenye matundu ya hewa chini ya upenu, au hutua kwenye majani makavu yaliyokwama mferejini. Uzio wa mbao ulioshikana na ukuta hufanya kazi ya utambi. Aliyewahi kuona paa la makuti likishika moto pwani, na cheche zikirukia paa la tatu huku watu wakihangaika na la kwanza, haelezwi zaidi.

Kwa hiyo nyumba mpya zina nyavu za chuma zenye matundu madogo sana kwenye nafasi za hewa, paa lisiloshika moto na vioo vinavyostahimili joto. Mji uliongeza sharti la mita 1.5 kuzunguka nyumba bila mimea wala kitu kinachoungua, na hapo watu huweka kokoto. Sharti kama hilo lina maana tu likimfunga na jirani, kwa sababu nyumba bora kando ya nyumba mbovu haina kinga.

Upande wa fedha siwezi kuusifu. Kampuni moja ya bima, Merced Property & Casualty, ilifilisika kwa madai ya moto huu. Mfuko wa fidia uliotokana na kesi za PG&E ulitajwa kuwa wa dola bilioni 13.5, lakini nusu yake ilikuwa hisa za kampuni hiyohiyo, na bei ya hisa hupanda na kushuka. Waathirika walisubiri miaka. Waliojenga mapema ni wenye bima nzuri. Wapangaji, na wazee waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za kuhamishika za bei nafuu, hawakuwa na kiwanja cha kurudia. Sensa ya 2010 ilihesabu watu 26,218 Paradise, ya 2020 ikahesabu 4,764. Kiufundi kazi ilifanywa vizuri, lakini kwa mtu asiye na hati ya ardhi haikukamilika.

Nakuomba jambo moja, msomaji, hasa kama unafanya kazi idara ya maji au ni mjumbe wa mtaa, maana mabomba ya plastiki tunayalaza sisi pia. Moto mkubwa ukipita na maji yakakatika wakati unawaka, usiwaambie watu wachemshe tu. Kuchemsha huua vijidudu, ila benzini huruka na mvuke na kuingia kwenye hewa ya jikoni. Waletewe maji kutoka kwingine hadi bomba lipimwe, na anayepima afunge koki siku tatu kwanza.