Kamba wa Qi Baishi hawana ujumbe

Sote tuliopita darasa la fasihi tunalijua lile swali. Ukishamaliza shairi au hadithi, mwalimu anauliza: mwandishi ana ujumbe gani kwa jamii? Unaandika ujumbe wa kwanza, wa pili, wa tatu, unapigiwa vyema, maisha yanaendelea. Swali lenyewe si baya. Taabu inaanza pale linapotoka darasani na kutufuata hadi mbele ya picha ya ndege aliyetua kwenye tawi. Hapo tunakwama. Ndege huyu anasema nini? Ua hili linapinga nini? Tukikosa jibu tunahukumu haraka: hilo ni pambo tu, la kutundika sebuleni juu ya kochi.

Katika wachoraji ninaowajua, hakuna anayelisumbua swali hilo kama Mchina Qi Baishi, jina ambalo kwa masikio yetu linatamkika kama Chi Baishi. Alizaliwa mwaka 1864 katika familia ya wakulima maskini huko Xiangtan, mkoa wa Hunan, akafariki Beijing mwaka 1957. Hebu piga hesabu ya yaliyopita hapo katikati: mapinduzi ya 1911 yaliyoung'oa ufalme, miaka ya wababe wa vita, uvamizi wa Japani, vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha Wakomunisti kushika nchi mwaka 1949. Na muda wote huo huyu bwana anachora nini? Kamba wa mtoni. Vifaranga wanaogombea nyungunyungu. Kaa, vyura, panzi, kereng'ende. Maua ya yungiyungi. Kabichi, figili, pilipili mbili tatu nyekundu. Nchi inaungua, yeye anahesabu miguu ya kamba.

Basi mtu ana haki ya kuuliza: huyu alikuwa msanii au mtoro?

Tuanze na alikotoka. Qi hakusomea uchoraji. Utotoni alikuwa mchunga ng'ombe, na bibi yake alimfunga kengele shingoni ili akiisikia jioni ajue mjukuu anarudi. Alikuwa dhaifu kwa kazi ya shamba, ndipo akapelekwa kujifunza useremala, kwanza ule wa kawaida, baadaye wa kuchonga nakshi kwenye samani. Kitabu cha vielelezo vya uchoraji alikipata kwa kuazima, akakinakili ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa anakaribia miaka 30 ndipo walimu wa kwanza wa maana walipompokea. Hata alipokuwa bingwa hakuificha asili hiyo. Katika mihuri yake mingi, maana mchoraji wa Kichina hugonga muhuri kwenye picha kama sahihi, ipo inayomtaja kuwa mtu wa mbao na mwanafunzi wa Lu Ban, yule ambaye maseremala wa China humhesabu babu yao wa ufundi. Wasomi wa Beijing wengine walimwona mshamba. Alipohamia huko, kwenye miaka ya mwisho ya 1910, aliuza kwa nusu ya bei ya wenzake na bado wateja walikuwa wa kuhesabu. Mambo yaligeuka mwaka 1922, rafiki yake mchoraji Chen Shizeng alipopeleka kazi zake kwenye maonyesho Tokyo zikanunuliwa kwa bei nzuri. Beijing ikageuka nayo. Hilo nalo tunalijua: nabii wa nyumbani mpaka apigiwe makofi ng'ambo.

Sasa tuwatazame hao kamba.

Karatasi anayotumia ni ile nyembamba inayofyonza maji. Ukigusa kwa brashi, wino unasambaa palepale, na hakuna kufuta. Kila pingili ya mwili wa kamba ni mguso mmoja wa wino uliotiwa maji mengi, wa kijivu, karibu uone ng'ambo. Kisha kwenye kichwa, kabla kijivu hakijakauka, anaweka tone la wino mweusi, nalo linajipenyeza ndani. Ghafla kichwa kina uzito na mwili una mwangaza. Baada ya hapo ni mistari: ndevu ndefu, mikono yenye magando, myembamba lakini haitetemeki. Hakuna maji yaliyochorwa. Hakuna hata mstari mmoja wa wimbi. Lakini hao kamba wamo majini, huwezi kubisha, kwa sababu ndevu zinaelea na miili imepinda kama ya kitu kinachobebwa.

Ustadi huo haukuja kwa siku moja. Alikulia karibu na bwawa lenye kamba, na Beijing aliwafuga kwenye bakuli mezani ili awatazame. Kamba wake wa mwanzo wana miguu mingi na wamekauka kidogo, kama wametoka kwenye kitabu cha biolojia. Kadiri miaka ilivyokwenda akawa anaipunguza ile miguu midogo ya kuogelea, mpaka ikabaki mitano. Alipoondoa miguu ndipo kamba wakaanza kuogelea. Alikuwa ameshapita miaka 60 na bado anarekebisha miguu ya kamba! Mwenyewe alishikilia kwamba picha inatakiwa ikae kati ya kufanana na kutofanana: ikifanana mno inakuwa kazi ya kumfurahisha mtazamaji, isipofanana kabisa ni kumdanganya.

Wadudu wake wanaonyesha upande mwingine. Panzi au kereng'ende wa Qi amechorwa kwa mistari laini kama unywele, kila mshipa wa bawa unaonekana. Jani alilotua, kinyume chake, ni bonge la wino lililopigwa kwa haraka. Mitindo hiyo miwili katika mapokeo ya China ni shule mbili mbalimbali, na yeye anaziweka kwenye karatasi moja bila kuomba radhi. Inajulikana kwamba alijiwekea akiba ya karatasi zenye mdudu peke yake, amechorwa wakati macho yangali na nguvu, nafasi nyingine yote ikiachwa tupu ili mimea iongezwe baadaye. Baadhi ya karatasi hizo zilibaki hivyo hivyo, nyigu amening'inia hewani hana ua la kutua. Kwangu mimi hizo ni miongoni mwa kazi zake zinazogusa sana. Ni mzee anayejua kwamba mkono utadumu kuliko macho, akapanga kazi yake kwa hesabu hiyo.

Halafu ipo ile kabichi. Ni ndugu wa ile mboga ambayo sokoni Dar tunaiita chainizi, bua jeupe, majani mapana. Kwa Wachina wa kaskazini ilikuwa mboga ya kila nyumba wakati wa baridi. Wachoraji wa heshima walichora peoni, ua la mabwana. Qi anachora kabichi na pilipili mbili pembeni, halafu pembeni ya picha anaandika malalamiko: peoni limeitwa mfalme wa maua, lichi imepewa ufalme wa matunda, mbona kabichi haikupewa ufalme wa mboga? Unacheka, halafu unatafakari. Huyu ni mtoto wa mkulima anayedai kiti cha mboga ya kina yakhe. Na katika picha nyingine amechora reki ya kukusanyia kuni na majani makavu, meno yake yote, na kuandika kwamba anataka kuvichora kimoja kimoja vyombo alivyotumia utotoni. Hakuna mtu kabla yake katika mapokeo hayo aliyeona reki inastahili wino.

Maandishi haya yanayokaa ndani ya picha hayatakiwi kututisha sisi tunaovaa na kuzawadiana kanga. Kanga ina mji, ina pindo, na ina jina, na wengi hulo jina huliita ujumbe. Mwanamke anaponunua kanga anatazama ua na anasoma maneno, na maneno hayatafsiri ua. Yanakaa kando yake, yanachokoza. Pengine yanamlenga jirani. Hivyo ndivyo picha ya Qi inavyofanya kazi. Kosa ni kudhani maneno ndiyo maana na kabichi ni kielelezo chake. Ukiyafunika maneno kwa kiganja, kabichi bado ni nzito, bado ina umande.

Turudi kwenye utoro. Japani ilipoikalia Beijing mwaka 1937, Qi aliacha kufundisha. Alibandika tangazo mlangoni kwamba mzee anaumwa moyo na hapokei wageni, na jingine kwamba hawauzii picha wakubwa wa serikali. Anajulikana pia kwa kaa aliowachora zama hizo na kuwaandikia swali: mtaendelea mpaka lini kutembea upande? Katika Kichina, kutembea upande ni kufanya ujeuri, kupita juu ya watu. Kila aliyesoma alielewa nani anasemwa. Kumbe ujumbe alikuwa nao alipoutaka.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomtetea kwa kutumia wale kaa peke yao. Wanasema: mnaona, hakuwa mtoro, aliipinga Japani! Kweli. Lakini utetezi huo unakubali kwamba picha isiyo na adui haina kazi. Basi tuwafanyeje vifaranga? Tuwatupe? Na tazama njiwa zake za miaka ya mwanzo ya 1950, alipokuwa mzee wa kuheshimiwa na serikali mpya, ameombwa amani ichorwe. Njiwa hao wana ujumbe ambao hakuna mwalimu angeukosa. Lakini wamesimama kama wanaopigwa picha ya pasipoti. Kifaranga anayevuta nyungunyungu upande mmoja huku mwenzake anavuta upande wa pili ana uhai mara kumi, na hajatumwa na mtu.

Picha ninayoiweka mbele kuliko zote ni ya mwaka 1951, akiwa na miaka 87. Mwandishi Lao She alimpa mtihani: mstari wa mshairi wa kale unaozungumzia sauti ya vyura inayosikika mbali kutoka kwenye chemchemi ya mlimani. Chora sauti, mzee. Qi akachora mawe meusi ya bonde pande mbili, maji yanashuka katikati, na ndani ya maji viluwiluwi wachache, vichwa vyeusi na mikia inayopinda kufuata mkondo. Chura hakuna hata mmoja. Viluwiluwi hawana sauti bado. Kama wao wameshafika huku chini, basi mama zao wapo juu mlimani, na kelele wanapiga. Macho yanaona viluwiluwi, masikio yanamalizia kazi. Hebu sasa tuandike ujumbe wa kwanza, wa pili na wa tatu wa picha hii. Tutaandika nini?

Hana dosari? Anazo. Alichora kwa kuuza, orodha ya bei ikiwa imebandikwa ukutani, na kisa kinachosimuliwa sana ni cha mteja aliyeomba aongezewe kamba mmoja wa bure akaambulia kamba aliyelala kama mfu. Mtu akichora kamba maelfu, wamo waliochorwa na mkono huku akili imekwenda kuandaa chakula cha jioni. Ukipitia vitabu vya kazi zake utawaona: wamepangwa vizuri, wako sahihi, wamekufa. Lawama hiyo tumeizoea, ndiyo wanayotupiwa warithi wa Edward Saidi Tingatinga kule Oyster Bay: ndege yuleyule, twiga yuleyule, kila siku. Ni lawama ya haki kwa sehemu. Lakini Qi anatufundisha kuitumia vizuri. Kurudia peke yake hakuui picha. Swali ni kama katika kurudia huko mtu anaendelea kutazama. Kamba wa Qi wa miaka 60 si wa miaka 80, na tofauti ni ile miguu aliyokuwa anaiondoa.

Na kuhusu bei, dunia imefanya kichekesho chake. Desemba 2017 kazi yake ya vipande kumi na viwili, ya mwaka 1925, iliuzwa mnadani Beijing kwa zaidi ya yuani milioni 900, kazi ya kwanza ya msanii wa China kuvuka dola milioni 100. Ilikuwa milima na mito, somo la mabwana. Kabichi hazikufika huko. Kuna kisa kingine, sijui kama kilitokea kweli lakini watu wanakipenda: eti Qi alitaka kubadilishana picha ya kabichi na mkokoteni wa kabichi, muuzaji akamfukuza kwa matusi, kwamba mzee gani huyu anataka kunipa kabichi ya uongo achukue ya kweli. Huwa nakisoma nikiwa upande wa muuzaji, maana alikuwa na watoto wa kulisha. Nadhani Qi mwenyewe angemwelewa. Ni mtu aliyeokota kuni kwa reki kabla hajaichora.

Ndiyo maana neno pambo halimtoshi. Pambo linakuomba usifikiri juu ya kitu. Reki ya Qi ina meno ya idadi kamili kwa sababu aliyeichora aliishika, na anayejua ugumu wa kukusanya majani makavu ataitambua mara moja, awe wa Hunan au wa Lushoto. Mwalimu akija na swali lake, tumjibu kwa adabu kwamba kabla ya ujumbe kuna kazi nyingine, ya kuhesabu miguu. Tukishamaliza hiyo, tutaona kama swali bado lipo.