Pasi Kabla ya Mshono

"Mwalimu, naomba unipitishie macho tu. Nukta na mkato." Ndivyo alivyoniambia kijana mmoja wa shahada ya uzamili, akiniwekea mezani tasnifu ya kurasa 160. Zilibaki wiki mbili aiwasilishe. Nikapitisha macho. Siku nne nzima nilinyoosha upatanisho wa kisarufi na kung'oa "kwamba" zilizorundikana. Ikatoka inang'aa. Watahini wakairudisha: swali la sura ya kwanza halikujibiwa popote katika sura ya nne. Hilo nililiona tangu siku ya pili, nikajisemea sikulipwa kwa hilo.

Fundi cherehani wa uchochoroni kwetu hathubutu kufanya hivyo. Mpelekee kanzu yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, umwambie aipige pasi, atakutazama, kisha atachukua wembe afumue.

Nasi wahariri tuna wembe wetu, uhariri wa muundo, unaouliza hoja inaanzia wapi na inatua wapi. Unataka moyo, maana hapo ndipo mtu anapoambiwa kurasa 12 alizozihangaikia mwaka mzima zitoke. Uhariri wa lugha hufuata, sentensi kwa sentensi. Halafu upo ule wa nakala, ninaoupenda kuliko yote ingawa hauna sifa mjini. Ukurasa wa 3 mwandishi kaandika "isimujamii", wa 40 "isimu-jamii", kwenye marejeleo "isimu jamii". Maelezo yanasema walimu waliohojiwa ni 60. Ukijumlisha jedwali unapata 58. Hao wawili wamekwenda wapi? Ukiwapata hakuna atakayekushukuru, kwa kuwa hakuna atakayejua kuwa walipotea. Prufu huja mwisho, kurasa zimeshapangwa; hapo ukichomeka aya mpya unasukuma kila ukurasa unaofuata, na faharasa inakwenda kombo.

Kazi hii ina wazee wake. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1930, ilikuwa ikipitia miswada ya vitabu vya Kiswahili na kuipa idhini kabla haijachapwa. Ubishi wetu wa tahajia ni wa kurithi.

Siku hizi kabla ya kutaja bei nauliza mambo mawili: mswada umefika wapi, na nani anausubiri? Makala iliyorudishwa na jarida kwa sababu hoja haijakomaa haina haja na prufu. Kazi ya mwanafunzi ina mpaka wake: hoja ni yake, na mwenye kumwongoza ni msimamizi wake. Nikiona ufa nauandikia pembeni, siuzibi. Nikiuziba mimi, shahada itakuwa ya nani?

Yule kijana alirudi baada ya miezi sita. Tuliziacha nukta zilale, tukaanza na swali lake la sura ya kwanza, yeye akifumua, mimi nikimshikia taa. Nukta tulizifikia mwishoni kabisa, na hazikutuchukua hata siku mbili.

Basi nawe ukiniletea mswada, niletee na barua ya watahini, hata kama ilikukata maini. Usiifiche. Kazi ninayotakiwa kuifanya imeandikwa humo.